Jana Mmelala Wangapi?

Mjumbe wetu hakuwahi kuniuliza hali yangu. Kusalimiana tulisalimiana, hilo halina mjadala: nilimwamkia shikamoo nikiwa bado nahangaika na komeo la mlango, naye akaitika marahaba huku ameshavua kiatu kimoja. Ila yale ya habari za kazi, habari za afya, habari za baridi, ambayo sisi tunaweza kuyaendesha robo saa nzima bila kuambiana kitu, yeye aliyaruka. Alikaa kwenye kiti cha karibu na dirisha, akatoa daftari lenye jalada la kijani, akaijaribu kalamu kwenye kiganja chake, kisha akauliza, "Haya, Katibu. Jana mmelala wangapi?"

Kwa miezi kumi na minne nilimjibu, "Wanne, Mama Mjumbe."

Nilikuwa nalala peke yangu. Mke wangu, Mama Zawadi, alikuwa amehamia Vällingby na watoto wetu wawili, upande wa pili kabisa wa jiji la Stockholm, na mimi nilibaki Jordbro na vyumba vitatu, meza ya watu sita na televisheni kubwa niliyoinunua nikidhani ndiyo itakayotuliza nyumba. Hatukuachana kwa kurushiana sahani. Alichoka tu. Aliniambia amechoka, nikamwambia apumzike, na nikaona nimejibu vizuri.

Kabla hajaondoka aliniwekea sharti moja. Watoto watakuja kulala kwangu siku yoyote nitakapokwenda mwenyewe mpaka mlangoni kwake, nikakaa kitako, tukapanga kama watu wazima. Hataki simu, hataki ujumbe, hataki mtu wa kutumwa. Basi, hilo tu. Na mimi, mwanamume mzima ninayeinua mizigo ya tani mbili kwa foklifti ghalani kutwa nzima, sharti hilo lilinishinda, kwa sababu kwenda kwenye mlango ule ni kukubali kwamba sasa tuna milango miwili. Watoto wakipiga simu niliwaambia mtakuja wiki ijayo. Idi, wa miaka tisa, aliendelea kuuliza. Zawadi, wa miaka kumi na mbili, aliacha.

Sasa aibu inaponikolea ni hapa: mradi uliomleta Mjumbe nyumbani kwangu niliuandika mimi.

Jumuiya yetu ni ya watu wa Afrika Mashariki waliotawanyika Stockholm nzima, Watanzania, Wakenya, Waganda, Warundi, na Wakongo wanaotuita ndugu halafu wanagombana wenyewe kwa Kifaransa. Kulikuwa na mwenzetu mmoja mzee, Mrundi, aliyelazwa hospitali wiki tatu. Wiki zote hizo sisi tulikuwa tunamtumia kwenye kundi la simu picha za maua na salamu za asubuhi njema. Alipotoka hakumlaumu mtu, alijiondoa kwenye kundi kimya kimya. Tukaitisha mkutano. Mimi nilikuwa katibu, cheo nilichopata kwa sababu ndimi pekee niliyekuwa na printa nyumbani, na nikapendekeza tuunde kamati ndogo ya kuchunguza hali ya upweke. Mama mmoja wa nyuma, aliyewahi kufanya usafi kwenye maghala ya Jordbro mpaka akastaafu, akasimama na kusema hataki kamati, anataka nyumba kumi.

Sisi Watanzania tukamwelewa papo hapo. Kwetu kila nyumba kumi zina mjumbe wake, anayejua nani yupo, nani kasafiri, nani kapata mgeni. Mwenyekiti wetu, Mganda aliyefika huku miaka mingi iliyopita akikimbia serikali ya kwao, hakupendezwa. "Mama," alisema, "mimi mtu wa kuja kuhesabu watu nyumbani kwangu nilimkimbia."

"Huyo alihesabu ili wapungue," Mama akamjibu. "Mimi nitahesabu wasipungue."

Mwenyekiti alikaa chini. Wiki ileile nikaandika maombi ya kwenda manispaa, kurasa sita, kwa Kiswidi nilichokuwa nakionea fahari. Kuna sentensi niliipenda mpaka nikaiwekea herufi nzito: hakuna mwanachama atakayeishi peke yake bila jumuiya kujua. Manispaa wakaipenda pia. Baada ya wiki tatu Mama Zawadi akabeba masanduku yake, na mtu wa kwanza kuishi peke yake bila jumuiya kujua akawa katibu.

Tangu mkutano ule Mama yule hakuitwa tena kwa jina. Alikuwa Mjumbe, hata watoto waliozaliwa huku, ambao ukiwasalimia kwa Kiswahili wanakujibu kwa Kiswidi, yeye walimwita Mjumbe.

Mjumbe wa kwetu nyumbani anazunguka nyumba zake kumi akiwa amevaa kandambili, chai ikiwa bado jikoni. Huyu wetu nyumba yake ya saba, yangu, ilikuwa Jordbro na ya kumi ilikuwa Vällingby. Kutoka moja mpaka nyingine ni treni mbili na kusubiri katikati, na yeye mwenyewe aliishi Vårby gård, ambako si njia ya kokote kati ya hizo mbili. Lakini alizungumza kana kwamba sote tunachangia ukuta. "Nimepita tu hapa kwa jirani," angesema, akiwa ametoka kwa jirani wa umbali wa saa moja na nusu, theluji ikimyeyukia mabegani. Mvuke wa chapati ulitoka kwenye mkoba wake kila alipoufungua. Alikuwa na kadi ya treni ya wastaafu na aliitumia mpaka nadhani waliomuuzia walijuta.

Simu hakuiamini. Ukimwambia, Mama Mjumbe, si ungepiga tu leo, baridi ni kali, alikutazama kama umemwambia ale picha ya ugali. Alitaka kuingia, kukaa, kunywa maji ya bomba, na kuona. Alifunua sufuria za watu. Alifungua friji bila kuomba ruhusa, akaitazama kimya, akaifunga. Kwa mtu aliyekuwa anapekua hivyo ungetegemea awe mmbea wa kupigiwa mfano, na hapo ndipo alipotuchanganya sote, kwa sababu neno la nyumba moja halikufika nyumba ya pili. Mke wa Mwenyekiti alimbana siku moja amwambie kama ni kweli binti wa nyumba ya tano ana mchumba Mswidi. Mjumbe akamjibu kwamba nyumba ya tano jana wamelala watano. Mke wa Mwenyekiti alinipigia simu kulalamika kwamba mradi hauna uwazi.

Alikuwa na kanuni yake, na aliirudia kila mtu mpya alipomuuliza kazi yake hasa ni nini. "Mjumbe haandiki anachokiona," alisema. "Anaandika anachoambiwa. Halafu anarudi tena."

Mimi kanuni hiyo niliiona ni udhaifu mkubwa wa mfumo, na kama katibu nilimshauri tuwe na njia ya kuhakiki taarifa. Namshukuru Mungu hakunisikiliza.

Maana kuutunza uongo wangu ilikuwa kazi ya pili baada ya ghala. Jumamosi ya kwanza nilimwambia Mjumbe kwamba Mama Zawadi yuko zamu na watoto wako mpirani. Ya pili nikaona mlango wangu uko mtupu mno, kwa hiyo nikanunua viatu. Jozi moja ya msichana, jozi moja ya mvulana, na viatu vya kike ambavyo ilinibidi kumwambia muuzaji ni zawadi, kwa jinsi alivyonitazama. Nikavipanga kwenye zulia la mlangoni, kisha nikavipangua kidogo, maana watoto hawapangi. Nilijiona fundi. Mjumbe alipoingia aliinama, akakiokota kiatu kimoja cha Idi, akakigeuza na kuitazama soli yake, akakirudisha chini taratibu na kukinyoosha sambamba na mwenzake.

"Viatu vizuri," akasema. Kisha akakaa, akauliza wangapi, nikasema wanne.

Kwa kuwa tulikuwa wanne, akatuletea chapati za watu wanne. Hiyo sikuitegemea. Kila Jumamosi chapati nane, na wakati mwingine maharage ya nazi kwenye bakuli, kwa sababu alisema mama anayefanya zamu hana muda wa kukanda unga. Kuzitupa siwezi, nimelelewa vibaya lakini si hivyo. Kuwagawia wenzangu kazini ningeulizwa zimetoka wapi. Nikazila. Nilikula kwa niaba ya familia nzima kwa miezi kumi na minne, mpaka mkanda wangu ukaishiwa matundu na daktari wa kazini akaniuliza kwa upole kama nina msongo wa mawazo. Nikamwambia nina majirani wazuri.

Jambo moja la ajabu kwake ni kwamba aliyeingia nyumba za watu wote, yake hakuna aliyeiingia. Ukimwambia tutapita Vårby gård kukusalimia, jibu lilikuwa lilelile. "Msije, Mzee kalala." Mzee alikuwa mumewe, na alikuwa na usingizi wa kutosha nchi nzima. Sikukuu ya Idi Mzee kalala, Krismasi Mzee kalala, saa nane mchana siku ya jua kali Mzee kalala. Tulimtania sana. Mwenyekiti alisema huyo mume anafanya kazi ya kulala, na anaifanya kwa bidii kuliko katibu wetu. Mjumbe alicheka nasi, akafunga mkoba wake, akaenda kwa jirani mwingine.

Kuna siku moja nilipata nafasi nzuri ya kusema kweli na nikaipoteza. Manispaa walikusanya jumuiya mbalimbali ukumbini kumsikiliza mgeni kutoka Kanada, mama wa kabila la Wakrii, wenyeji wa asili wa huko. Watu wake wengi wametoka kwenye vijiji vyao wakahamia mijini, na yeye alifanya kazi kwenye ofisi ya Wakrii wenyewe ya kuwashika mkono walioko mjini: atafutaye nyumba, aliyelazwa hospitali mbali na ndugu, mtoto anayeanza shule pasipo mtu wa kwao, mzee anayetamani chakula cha nyumbani. Mimi nilipewa kazi ya kuwatafsiria wenzetu. Nilivaa suti. Kiingereza changu nacho nilikivalisha suti.

Mjumbe akanyoosha mkono. "Muulize jana wamelala wangapi."

Nikasimama na kumwambia mgeni kwamba mwenzetu angependa kufahamu uwezo wa malazi katika programu yao. Mgeni akaanza kueleza kuhusu vyumba na vitanda. Mjumbe hakuelewa Kiingereza lakini maelezo marefu aliyaelewa. "Hapana," akasema. "Yeye. Yeye mwenyewe jana kalala na nani?"

Nilitafuta namna ya heshima ya kulisema hilo mbele ya watu wa manispaa na sikuipata, nikalisema hivyohivyo. Mgeni akacheka, tena kicheko cha mtu aliyekutana na kitu anachokijua. Alisema kalala hotelini, peke yake, leo siku ya nne. Akasema shangazi yake naye kila akipiga simu huanza hapo, anataka kujua nani yumo ndani ya nyumba pamoja nawe, mengine baadaye. Mjumbe akaandika daftarini: mgeni, hotelini, mmoja. Jioni hiyo hiyo mgeni alikula kwenye nyumba ya tatu, samaki na wali, na alirudi hotelini na bakuli.

Tulipokuwa tunamsindikiza kwenye treni aliniuliza, "Na wewe anakuuliza?"

"Kila Jumamosi," nikamwambia.

"Unamjibu nini?"

Nikamwonyesha kwamba treni inakuja. Ilikuwa bado dakika sita, na sote wawili tuliziona kwenye ubao.

Ikafika Machi, wakati wa kupeleka ripoti ya mradi. Manispaa walitaka majina na umri wa kila mtu katika nyumba kumi, na walisisitiza kwamba kila mtu ahesabiwe mara moja tu. Nilimweleza Mjumbe hilo kwa kirefu, kwa vidole, kama vile yeye ndiye angekosea. Jumamosi hiyo alikuja Jordbro na daftari, tukakaa kwenye meza ya watu sita, yeye akisoma, mimi nikiandika kwenye kompyuta. Nyumba ya kwanza mpaka ya sita zikaenda vizuri. Ya saba, yangu, aliisoma bila kubadili sauti: baba, mama, Zawadi, Idi. Nikaandika bila kumtazama. Ya nane, ya tisa.

"Nyumba ya kumi," akasema. "Vällingby. Mama Zawadi. Zawadi, miaka kumi na mbili. Idi, miaka tisa."

Nilijua ana nyumba Vällingby. Kwa miezi yote hiyo sikuwahi kuuliza ni ya nani, na yeye asiyebeba neno kutoka nyumba hadi nyumba hakuniambia. Vidole vyangu vilikwama juu ya herufi.

"Mbona huandiki?"

"Hawa nimeshawaandika," nikasema.

"Wapi?"

"Nyumba ya saba."

"Na mimi nimeona hivyo. Mama mmoja na watoto wawili, mara mbili. Si umenieleza manispaa wanataka kila mtu mara moja?"

"Ndiyo, Mama Mjumbe."

"Basi wafute kwenye nyumba moja." Akanisukumia daftari, na kalamu juu yake. "Futa wewe. Mimi nimeandika nilichoambiwa."

Nikaishika ile kalamu. Nimetia sahihi kwenye karatasi nyingi nchi hii, za kazi, za nyumba, za ukaazi, na hakuna iliyonishinda kama mstari ule. Kule Vällingby siwezi kuwafuta, wapo. Hapa Jordbro nikiwafuta kwa mkono wangu mwenyewe, nyumba ya saba inabaki na mtu mmoja na jozi tatu za viatu. Nikairudisha kalamu juu ya daftari.

"Jana nimelala mmoja," nikasema.

"Na juzi?"

"Mmoja."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla hujaanza kuja."

Nililia, niseme tu, kwenye kibodi ya kompyuta ya jumuiya. Mjumbe hakunishika bega wala kunipa maneno. Aliinuka, akafungua friji, akaitazama, akaifunga, akarudi kukaa.

"Kumbe zile chapati ulikuwa unazila zote," akasema.

"Zote."

"Mimi nilidhani unawapelekea."

Mpaka leo sentensi hiyo ikinijia kwenye foklifti naishusha mizigo chini kwanza. Mwaka na zaidi yule mama alipika kila Jumamosi akinipa sababu ya kwenda kwenye mlango ule, sababu ya moto kabisa, imefungwa kwenye kitambaa, na mimi niliikalia nikaila na chai.

"Ripoti inaondoka lini?" akauliza.

"Ijumaa."

"Basi daftari nakuachia. Ijumaa nitalifuata."

Nikamwomba anisindikize Vällingby. Alikuwa ameshavaa jaketi. "Siingii katikati ya nyumba zangu mbili," akasema, na huyo akaenda zake.

Nilijitahidi nisiende. Jumapili niliona si vizuri kwenda Jumapili. Jumatatu na Jumanne niliomba zamu za ziada. Jumatano nilikanda unga, na chapati nilizopika zilikuwa ngumu kuliko soli za vile viatu, lakini nilizifunga kwenye kitambaa. Alhamisi baada ya kazi nikapanda treni, nikabadilisha, nikapanda ya mstari wa kijani nikahesabu vituo kwa sauti ya chini mpaka msichana aliyekaa mbele yangu akahama.

Idi ndiye aliyefungua. Akageuza kichwa akamwambia mama yake kwa Kiswidi kwamba ni baba, halafu akanigeukia na kusema kwa Kiswahili safi, "Umechelewa." Sijui alimaanisha siku ile au yote. Zawadi alikuwa sebuleni na simu yake, akanitupia jicho, hakusimama.

Mama Zawadi alitoka jikoni akijifuta mikono. "Umekuja mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Kwa nini leo?"

Nilikuwa nimeandaa hotuba, nina uzoefu. Nikasema, "Kuna ripoti."

Alinitazama mpaka nikamweleza yote, viatu, chapati, kalamu, na alipofikia kuelewa kwamba nilimnunulia viatu vya namba isiyo yake ili visimame tu mlangoni, alicheka, akaenda kucheka jikoni, akarudi macho yakiwa mekundu. Hakurudi nyumbani, nisije nikakudanganya na wewe. Lakini tulikaa. Tukapanga watoto walale kwangu wiki moja kati ya mbili, tukianza na Ijumaa ile mpaka Jumapili tuone. Zawadi alisikia yote. Nilipokuwa navaa viatu kuondoka alikuja na chapati yangu mkononi, akaivunja kwa sauti, akaniambia kwa Kiswidi kwamba hii inabidi ajifunze kuipika yeye, la sivyo watakufa njaa Jordbro.

Usiku huo nilifungua ile fomu ya manispaa ili niandike maelezo marefu ya kuwaombea radhi kwamba watoto wangu wako nyumba mbili. Nikakuta ina safu yake. Imeandikwa waziwazi, mtoto anayeishi kwa zamu kwa wazazi wote wawili, weka alama hapa. Nchi hii nusu ya darasa la Idi wangeweka alama hapo. Na fomu hiyo niliitafsiri mimi mwenyewe kwa wanachama wote, na kando ya safu hiyo niliwaandikia kwa herufi nzito: haituhusu, iache wazi. Ijumaa Mjumbe alipofuata daftari nilimwonyesha. Akaniuliza kama jumuiya nzima inajua kwamba nilikuwa naishi peke yangu. Nikasema hapana. Akasema hata Mwenyekiti anajua, wewe tu ndiye ulikuwa hujui kwamba wanajua.

Mwaka huu magoti yamemshinda. Ngazi za stesheni anazishuka kwa kukaa na kuinuka. Kwenye mkutano aliweka lile daftari la kijani mbele yangu, akasema nyumba kumi zinataka mtu mwenye miguu, na kama ni uongo wa kitaalamu, katibu anaujua wote, hawezi kudanganywa. Watu walicheka sana, mimi nikiwemo. Nikawa mjumbe. Nilipofika nyumbani nikapitia kurasa zote, nyumba kwa nyumba, na nikaona kuna nyumba moja ambayo hakuna aliyewahi kuiandika.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda Vårby gård, na Zawadi na Idi, ilikuwa wiki yangu. Sikupiga simu. Yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha. Alifungua mlango kidogo, akasema Mzee kalala, na Idi, ambaye hajui kusita, akasema tutaongea polepole, akapita chini ya mkono wake. Zawadi alimpa chapati, za kwake, laini.

Mlangoni palikuwa na viatu vya kiume. Vikubwa, vya ngozi ya kahawia, vimepakwa rangi, kamba zimefungwa vizuri. Idi akivua vyake akakipiga kimoja teke kwa bahati mbaya, kikalala kifudifudi. Soli ilikuwa safi, haijawahi kukanyaga kitu. Pembeni kulikuwa na alama nyepesi ya gundi, pale kibandiko cha bei kilipobanduliwa.

Yeye aliniona nikiona. Nilikuwa nimeinama. Kisha nikakiinua kiatu, nikakinyoosha sambamba na mwenzake.

"Viatu vizuri," nikasema.

Tulikaa. Chumba kilikuwa nadhifu, dirisha linatazama njia ya treni. Watoto walikunywa maji ya bomba. Nikatoa daftari, nikaijaribu kalamu kwenye kiganja, maana bila hivyo isingekuwa kazi yenyewe.

"Haya, Mama," nikasema. "Jana mmelala wangapi?"

Alitazama dirishani mpaka treni moja ikapita yote. Mikono yake ilikuwa imelala juu ya magoti yale mabovu.

"Wawili," akasema. "Mimi na Mzee."

Nikaandika wawili.

Jumamosi iliyofuata nikarudi na chapati za watu wawili. Aliweka sahani mbili mezani, akagawa chapati, kisha ile sahani ya Mzee akaisukuma upande wangu. Akasema Mzee leo hana njaa, kula wewe. Nikala. Nilipomaliza nikanawa mikono, nikafungua daftari, nikamuuliza tena.